Mshona Soksi za Ndege

Hapana, hapo hapo simama. Usiendelee. Ati hakuwa vitani? Ati alikuwa mshona matambara tu? Ndiyo, alishona matambara. Na wewe uliyesema hivyo kibandani kwangu, mahamri yangu yamekujaa mdomoni, hujui kushona hata kifungo cha shati lako, nilikiona kinaning'inia kama jino bovu. Nilikunyamazia kwa sababu mamangu alinifundisha mteja hatukanwi akiwa na chakula mkononi. Ukafuta mikono, ukaenda zako. Mimi nikabaki nimevimba. Kwa hivyo naandika, na ukisoma utajijua.

Namuandika Fundi. Mjambere nzima, mtaa wetu huku Kisauni, ilimwita Fundi, hata watoto wa juzi ambao hawakumkuta akikanyaga cherehani. Alizaliwa lini, babake nani, ukoo gani, hayo kawaulize wanaopenda kuhesabu mababu. Mimi nilimkuta mzee tayari, mgongo umepinda lakini ulimi umenyooka, akikaa nyumba ya pili kutoka kwetu na binti yake, ambaye naye ni bibi wa watu. Kila asubuhi alikuja kibandani na kikombe chake mwenyewe, maana vyangu alisema nimeviosha kwa mawazo tu. Anaagiza mahamri mawili na mbaazi, anakaa kwenye benchi, anaanza kunikosoa.

"Mahamri haya umeyakanda na nani?"

"Na hasira, Fundi."

"Ndipo yameumuka. Leo nani amekukosea?"

Hapo namwambia. Siku zote alikuwepo wa kunikosea. Anasikiliza mpaka mwisho, anafuta kidevu, anauliza swali lake lile lile: "Umetazama rangi?"

Sasa nikueleze rangi ni nini, maana hapo ndipo kazi yake yote ilipo, na hapo ndipo wajuaji wa mtaa wanapoteleza. Mimi shule niliiacha darasa la nane. Kusoma sikuacha. Nimesoma vitabu vya kuazima, nimesoma kwa simu mpaka macho yakawasha. Vitabu vya vita vinataja marubani, vinataja meli, vinataja majenerali na farasi wao. Mtu wa soksi hatajwi popote. Basi nimtaje mimi.

Wakati wa vita vile vikubwa vya Mwingereza, pale Port Reitz upande wa Changamwe, uwanja wa ndege ulikuwa wa jeshi. Na palikuwa na kikosi kimoja cha ndege ambacho hakikupigana na mtu. Kazi yake kufundisha. Walikuwepo vijana wa Kizungu waliotakiwa kukaa ndani ya ndege, upande wa nyuma, wakipiga bunduki, na bunduki yenyewe wengine hawajawahi kuishika. Wangejifunza wapi? Huwezi kumwambia mtu nenda kamjaribie Mjapani, ukikosa urudi tukuelekeze. Basi ndege moja kuukuu inaruka, nyuma yake inaburuta mfuko mrefu wa kitambaa kwa waya wa chuma, mdomo wa mfuko umeshikwa wazi na pete ya chuma ili upepo uujaze. Vibarua wa pale waliuita soksi. Ndege nyingine inakuja pembeni na wanafunzi, wanaipiga soksi. Na risasi za kila mwanafunzi zimechovywa kwenye rangi yake. Huyu nyekundu, huyu buluu, huyu kijani. Ikipita kwenye kitambaa inaacha tundu lenye ukingo wa rangi. Soksi ikiangushwa chini, inatandazwa juu ya meza, matundu yanahesabiwa, na kila mtu anajulikana amepiga wapi na amekosa wapi.

Anayetandaza nani? Fundi. Anayehesabu, kisha anayeziba yale matundu moja moja ili soksi ipande tena, nani? Fundi na wenzake, vijana wa Changamwe na Jomvu na Miritini, peku, kaptula, jua la utosi. Bila soksi hakuna shabaha. Bila shabaha hakuna mpigaji. Bila mpigaji, ndege ya vita ni kuku aliyerushwa juu ya paa. Sasa niambie tena matambara.

Yeye mwenyewe hakuielezea hivi. Yeye alikuwa akijichanganya, anakasirika, anaruka huku na huku. Ukitaka akueleze vita, anakueleza uzi. "Uzi wa jeshi ulikuwa na nta. Huu wenu wa dukani ni ute wa konokono." Ukitaka akueleze uzi, anarukia kumtukana sajenti mmoja aliyekuwa akikohoa juu ya chakula cha watu. Lakini kidole chake kilikumbuka. Alikuwa na tabia moja iliyomtia aibu binti yake na kunitia aibu mimi mara mia. Nguo yoyote anayoiona, anaishika, anainyanyua juu kwenye jua, anaipitisha kidole cha shahada polepole akitafuta tundu. Leso ya mke wa mtu. Kanzu ya mtu anayetoka msikitini. Siku moja alimsimamisha bibi harusi, wallahi, anaingia garini watu wanapiga vigelegele, Fundi ameshika ncha ya shela anaitazama kwenye mwanga.

"Fundi, mwachie mtoto wa watu!"

"Nani kamshonea hii? Adui yake?"

Watu walicheka. Shangazi wa bibi harusi hakucheka. Na jioni shela ilipasuka pale pale alipogusa kwa kidole, na Fundi alizunguka mtaa wote kulisema hilo. Hakuwa mtu wa kustahi. Msidhani namuandika mtakatifu. Alikuwa mchoyo wa sukari, anaificha kwenye chombo cha dawa. Katika dama alikuwa mwizi; ukigeuka kupenga kamasi, kete yako imeota miguu. Alisali sala zake zote, na akitoka kusali anaendeleza tusi pale alipoliachia. Na alikuwa na uongo wake pia, nausema mimi kabla hujausema wewe. Kulikuwa na kisa cha sigara. Ati mwanafunzi mmoja wa bunduki, kijana wa Kizungu mwenye madoadoa usoni, alishindwa kuipiga soksi wiki nzima, akamjia Fundi nyuma ya banda na pakiti ya sigara amtobolee matundu mawili matatu kwa msumari, ayapake rangi yake.

"Ukatoboa, Fundi?"

"Sigara nalizivuta."

"Nimekuuliza ulitoboa?"

"We mtoto, nakwambia sigara zalikuwa tamu."

Siku nyingine ananiambia hakutoboa, maana kijana asiyejua kupiga akisifiwa ataenda kufa na kuua wenzake. Siku nyingine anasema alitoboa, maana alikuwa mtoto wa mtu, anatetemeka. Sijui mpaka leo. Wewe ukitaka kumwita mwongo kwa hilo, mwite. Lakini usivuke hapo.

Basi hiyo rangi aliibeba maisha yake yote. Watu wakigombana mtaani, wakileta mashtaka kwake kwa sababu ya mvi zake, hakutaka kusikia nani kasema nini. "Tundu lina mwenyewe," anasema. "Tazama rangi." Maana yake, usimpige uliyemkuta karibu, mtafute aliyetoboa. Mwizi akipigwa sokoni, yeye ndiye mzee pekee niliyemuona akijipenyeza katikati na bakora yake, anapiga vifundo vya miguu ya watu, anapiga kelele, "Mmeitazama rangi? Nani ameitazama?" Siku moja walimsukuma akaanguka. Aliyemsukuma nilimmwagia mbaazi za moto. Sijutii.

Na ndege alizichukia! Hapa Mjambere zinapita juu, za watalii, zinashuka upande wa Changamwe. Kila ikipita anatema mate pembeni. Lakini asingeweza kuacha kusikiliza. Anainamisha kichwa, anafumba macho, anasema, "Injini hii yuwaibana sana huyu rubani." Mjukuu wake aliyeko Ughaibuni akataka kumlipia aende Umra. Fundi akakataa katakata.

"Lakini ni kwa Mungu, Baba," binti yake akamwambia, machozi yanamlengalenga.

"Mungu yuwanijua niko wapi. Mimi sipandi kitu kilicho na waya chini yake."

"Ndege za siku hizi hazina waya."

"Ndivyo wasemavyo wao."

Tulicheka. Mimi nilicheka mpaka nikamwaga chai. Sikujua bado tunachekea nini.

Kitu alichokitaka kwa dhati, na alikuwa akijifanya hakitaki, ni ukuta. Nao sikiza jinsi ulivyokuja. Kisauni hapa iliundwa kamati ya kuwakumbuka wazee wa vita. Wazo zuri, nani atakataa. Mwenyekiti alikuwa mtu mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, sauti yake ya asali, kila mtu kwake ni "dadangu" au "mzee wangu", na huku anakupima kama mbao. Alitoa saruji, akatoa rangi, akapewa ukuta wa nje wa ukumbi wa mtaa. Majina ya wazee yaandikwe pale, meusi juu ya nyeupe, vizazi visome. Wakazunguka kukusanya. Kwa Fundi hawakufika.

Nikaenda dukani kwake mwenyewe.

"Umemsahau Fundi," nikamwambia.

"Dadangu, karibu, keti."

"Sikuja kuketi."

"Fundi ni mzee wetu, tunampenda. Lakini huu ni ukuta wa wapiganaji. Yeye, tusifichane, alikuwa anashona."

"Na aliyepika? Aliyepika kambini mmemuandika, ni mjomba wako."

Vibarua wake wakaangua kicheko nyuma ya mabati. Mwenyekiti hakucheka. Akaniambia mjomba wake alivaa sare, alivuka bahari, alifika Burma. Nikamwambia sufuria nayo ilifika Burma, tuiandike? Tukafika hapo. Kutoka siku hiyo sikumpa usingizi. Kila mkutano wa kamati nilikuwepo, nimesimama mlangoni na harufu yangu ya mafuta ya kukaanga. Nilimwambia nilivyosoma, nilimweleza soksi na rangi na kikosi, nikamchorea kwenye vumbi kwa kijiti. Wakanizoea kama nzi. Na Fundi, nikimpa habari asubuhi, anajifanya hasikii. "Ukuta ni wa kuegemea," anasema. Lakini nilimuona amelitoa koti lake kuukuu, ameliweka juani, anapitisha kidole.

Asubuhi moja akauliza, "Wakikubali, wataandika mangapi?"

"Mangapi nini?"

"Majina."

"Lako, Fundi. Ungetaka mangapi? Na la cherehani?"

Hakucheka. Aliweka kikombe chini. Akaniambia habari za Kombo, na tangu nimfahamu nilikuwa sijawahi kusikia jina hilo likitoka mdomoni mwake.

Kombo alikuwa wa Jomvu, rika lake, mwembamba, mwenye mbio. Wote wawili walikuwa wakimbiaji wa soksi. Maana soksi haikuja mezani yenyewe. Ndege ikimaliza inarudi juu ya uwanja, inaiachia soksi ianguke. Kisha inazunguka, inapita mara ya pili, inaachia ule waya wa chuma. Sheria ilikuwa moja tu, na kila kibarua aliijua kama jina la mamake: soksi ikianguka, kaa. Waya ukianguka, kimbia.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Vita vilikuwa vimekausha maduka. Kitambaa hakuna. Watu walivaa magunia, Fundi anasema, wanawake wengine walikuwa hawatoki nje mchana kwa aibu. Na soksi ikichanika sana, ikawa haizibiki tena, wakubwa waliitupa. Na desturi ya pale, hakuiandika mtu, ilikuwa aliyeifikia wa kwanza uwanjani ndiye mwenyewe. Kwa hivyo soksi ikija inapepea vipande vipande, vijana walijua ingali huko juu kwamba hii ni ya kutupwa, na miguu ikaanza kuwawasha. Kulikuwa na watu Changamwe walioolewa na nguo za soksi. Fundi ndiye aliyezishona. Matundu ameyaziba, ukingo wa rangi haukutoka hata ukifua vipi. Bibi harusi anaingia ukumbini na vidoti vya nyekundu na buluu.

"Watu walisema maua," akaniambia. "Si maua."

Dadake Kombo alikuwa anaolewa. Siku ile ndege ikaja na soksi iliyochanika kama mkia wa jogoo. Ikaiachia. Na vijana wa Miritini, waliokuwa upande wa pili wa uwanja, wakajisogeza hatua moja, wanajifanya wanajikuna. Kombo akawaona. Fundi akamshika shati. Kombo akamwambia, "Wataichukua." Shati likabaki mkononi mwa Fundi kipande. Akakimbia. Ndege ikazunguka, ikapita, ikaachia waya.

Fundi hakunieleza waya ulifanya nini. Alinionyesha, kwa kidole, hapa shingoni, mara moja, upesi, kisha akatazama pembeni.

"Wakasema nini wakubwa?" nikamuuliza.

"Sajenti alisema amevunja sheria. Na ni kweli, aliivunja. Wakatupa gari la kumpeleka Jomvu. Kesho yake tukaitwa kazini, ikaruka soksi nyingine."

"Na ile?"

"Ile nalimshonea dadake. Alikuwa hataki. Mamake akamwambia vaa, ndugu yako ameilipia."

Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, mbaazi zinaungua, siwezi hata kugeuka. Na Fundi akasema, kwa ile sauti yake ya kugombana, kana kwamba mimi ndiye niliyekataa: "Miaka yote mimi nasema tazama rangi, nani amepiga, tundu la nani. Haya. Lile la Kombo, rangi gani? Mimi mwenyewe sijaiona."

Basi, ndivyo alivyokuwa Fundi. Na hapo nikaelewa ule ukuta. Hakuutaka kwa ajili yake.

Kamati wakakubali mwisho wake. Usidhani niliwashinda kwa hoja. Ni kwamba wazee wote wa kwenye orodha yao walikuwa wameshazikwa, na siku ya kufungua ukuta walikuwa wanatarajia wageni wa heshima, na mgeni anapenda kumshika mkono mzee aliye hai. Wakahitaji mzee anayepumua. Mwenyekiti akaja mwenyewe nyumbani kwa Fundi, na sinia ya halua, na vijana wawili wa kumpiga picha. Binti yake akatandika mkeka mpya. Mimi nilisimama dirishani kwa nje, na dirisha lilikuwa wazi.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba."

"Tumekuletea heri. Jina lako linaingia ukutani."

Fundi akapitisha kidole kwenye ukingo wa kanzu ya Mwenyekiti. "Hii imeshonwa China," akasema. Kisha, "Andikeni na Kombo."

"Kombo nani, mzee wangu?"

"Kombo wa Jomvu."

"Jina la babake?"

"Silijui. Tukimwita Kombo."

Mwenyekiti akatabasamu lile tabasamu la kukurudishia chenji pungufu. "Alikuwa askari?"

"Alikuwa kama mimi."

"Alikufa vipi?"

Fundi akamwambia. Kwa ufupi, bila dadake, bila Miritini. Soksi, waya, shingo. Mwenyekiti akasikiliza ameinamisha kichwa kama aliyefiwa. Halafu akasema: "Mzee wangu, hiyo ni ajali ya kazi. Tukianza kuandika kila aliyekufa akikimbilia kitambaa, ukuta hautatosha. Watu watatucheka. Wewe tumekufanyia kama heshima."

"Basi na mimi nitoeni."

"Hapana, wewe tayari."

"Nimesema nitoeni. Mkimuacha yeye, mimi sikuweko."

"Mzee amechoka," Mwenyekiti akamwambia binti yake, akainuka. Kijana wa picha akapiga picha moja. Halua wakaiacha. Fundi akaniita dirishani: "Njoo uichukue halua hii, uwape watoto. Mimi hainipiti kooni."

Na mimi, msikilize huyu mjinga, nilimkasirikia yeye! Miezi nimesimama mlangoni mwa watu nanuka mafuta, nimepata jina moja, yeye analitupa. Nikamwambia, "Fundi, chukua hili moja, tutapigania la pili baadaye." Akanijibu, "Baadaye ya nani?" Tukanuniana. Siku kadhaa alikunywa chai kwao.

Wakamuandika kwa nguvu. Siku ya kufungua, gari lilikuja kumchukua, binti yake akasema babake anaumwa. Fundi alikuwa jikoni anachambua mchicha, mzima kabisa, anaimba kwa puani. Mimi nilikwenda. Nilisikia kwa masikio yangu Mwenyekiti akisema kwenye kipaza sauti, "Shujaa wetu hakuweza kufika, lakini anawasalimu, na anashukuru sana kwa heshima hii." Watu wakapiga makofi. Nikatoka moja kwa moja mpaka kwa Fundi, nikamwambia neno kwa neno. Akaendelea kuchambua. "Nimeshukuru?" akauliza. "Sana," nikamwambia. "Kwa kipaza sauti." Akang'oa jani la mchicha lililokuwa limekufa, akalitupa.

Baada ya hapo akaanza kuisha. Mahamri mawili yakawa moja, moja likawa nusu. Binti yake akawa anakuja kuchukua chakula. Ndege zikipita, hatemi mate tena. Nilikuwa nikienda kumkalia mchana nikimaliza biashara, namsomea habari kwenye simu, anabisha kila kitu.

Alasiri moja ananiambia, "Niitie tuktuk."

"Uende wapi, na hali hiyo?"

"Nataka kuona nilipowashukuru."

Binti yake alilia, akakataa, akamvalisha koti. Tukaenda. Ukumbi ulikuwa umefungwa, watoto wanacheza mpira pembeni, mlinzi amelala kwenye kiti. Nikamshika mkono tukausogelea ukuta. Macho yake yalikuwa yamekwisha, akawa anapapasa chokaa kwa kidole, mstari kwa mstari, na mimi namsomea majina. Mjomba wa Mwenyekiti. Marehemu yule. Marehemu huyu. Alikuwa anawajua wengi. "Huyu alikuwa mwoga," anasema. "Huyu Mungu amrehemu, alinipa viatu." Tukafika kwake. Kidole kikasimama.

"Hapa?"

"Hapo."

"Kombo yuko?"

"Hayuko, Fundi."

"Umetazama mpaka chini?"

"Mpaka chini. Mpaka kwenye nyasi."

Akaninyooshea kiganja. "Nipe ufunguo wa kibanda chako."

Nilielewa mara moja, na nikakataa. Nikamwambia nililipigania jina hilo mimi, hakulipigania yeye. Nikamwambia watasema amekiri. Watasema alijua mwenyewe si mtu wa vita, dhamiri ikamsuta. Nikamwambia na mimi je, nitauweka wapi uso wangu? Nilipiga kelele, watoto wakaacha mpira.

Akangoja nimalize, kama siku zote. Hakuniuliza rangi. Akasema, "Mwanangu, ulinipigania. Nimeona. Sasa nipiganie tena."

Nikampa.

Akaanza kukwangua. Chokaa inamwagika juu ya koti, herufi inatoka kidogo kidogo. Mlinzi akaamka, akaja mbio anafunga mshipi. "We mzee! We mzee, unaharibu ukuta wa watu!"

"Naharibu jina langu," Fundi akamjibu, hakugeuka. "Ukuta wenu nawarudishia."

Mlinzi akanitazama mimi. Nikajiweka katikati yao, na huyo mlinzi ananijua, amenunua kwangu, anajua mikono yangu. Akarudi nyuma, akatoa simu.

Herufi tatu zilikuwa zimebaki Fundi alipochoka. Akaegemea ukuta, pumzi inampiga. Akanirudishia ufunguo.

"Malizia."

Nikalikwangua. Mimi, niliyesimama mlangoni miezi yote ile. Nililikwangua nalia kwa hasira mpaka pakabaki peupe. Nikamuuliza, "Niandike Kombo?" Nilikuwa tayari, ningeandika hata kwa mkaa.

"Usiandike wewe," akasema. "Waandike waliokataa."

Hatukurudi naye pale tena. Kabla mwezi haujaisha tulimzika, na Mwenyekiti alikuja mazikoni na miwani nyeusi, akanipita kama anapita mtaro. Sasa mtaani maneno ndiyo haya uliyoyatema kibandani kwangu: hakuwa vitani, mwenyewe alijua, ndiyo maana akalifuta. Haya. Umesikia yote. Pale ukutani pako wazi, panatosha jina la mtu mmoja, na kila siku unapita hapo ukienda kazini. Sikuulizi habari za Fundi, yeye amenyamaza zake. Nakuuliza wewe, usoni: Kombo wa Jomvu alikufa vitani, ama alikufa wapi?